Shule tatu za kata ndani ya Manispaa ya Morogoro: tuzilinganishe kwa kuangalia nini?

Mama wa Kihonda

Ndugu wazazi na walimu, naomba ushauri wenu. Binti yangu amemaliza darasa la saba na amepangiwa kidato cha kwanza katika shule ya kata iliyo mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka nyumbani. Majirani wananisihi nimwombee uhamisho kwenda mojawapo ya shule mbili nyingine za manispaa hii hii zinazosifika kwa ufaulu, ingawa kufika huko kunahitaji daladala mbili. Zote tatu ni za serikali na hazitozi ada, kwa hiyo kwangu suala si fedha ya ada. Nimefungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, nikanakili takwimu za kila shule kwenye daftari, lakini kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Tangu Januari 2023, Baraza lilipoacha kutangaza shule bora, kila mtu mtaani ana orodha yake. Ninyi mlizilinganishaje?

Mwalimu wa Hisabati

Dada yangu, umeanza vizuri, ila lichunguze hilo neno "ufaulu". Mtahiniwa wa daraja la nne anahesabiwa kuwa amefaulu kama yule wa daraja la kwanza, na alama D inaanzia 30. Shule inaweza kutangaza ufaulu wa zaidi ya asilimia 90 huku watoto wake wengi wakiwa na pointi 26 hadi 33, yaani daraja la nne (pointi chache ndizo nzuri), na hao hawaendi kidato cha tano, kwa kuwa huko hutakiwa angalau C katika masomo matatu na pointi zisizozidi 25. Jumlisha daraja la kwanza, la pili na la tatu, ugawe kwa idadi ya watahiniwa wote, uone kama mpangilio wa shule zako utabaki vile vile.

Kisha shuka hadi jedwali la masomo lililo chini ya ukurasa. Kumbuka kwamba GPA, yaani wastani wa matokeo ya shule katika somo, ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Linganisha pia idadi ya waliofanya fizikia na idadi ya watahiniwa wote: tuseme watahiniwa ni 150 na waliofanya fizikia ni 12 tu, hapo una haki ya kuuliza kama shule ina mwalimu wa somo hilo.

Jambo la mwisho, nalo wazazi wengi hulisahau, ni kutafuta matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya kundi hilo hilo, miaka miwili kabla. Kundi likiwa na watoto 200 kidato cha pili na 130 kidato cha nne, uliza wale 70 walikwenda wapi. Wapo waliokariri darasa, wapo waliohama, na wapo walioacha shule kabisa. Kwa maoni yangu, shule inayowafikisha watoto wake mtihanini ina sifa ambayo asilimia ya ufaulu haiionyeshi.

Baba wa wawili

Mimi nilimhamishia kijana wangu shule ya mbali yenye jina. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli pungufu, makondakta walikuwa wakimwacha kituoni hadi abiria wazima waishe. Alirudi saa moja usiku. Mara nyingi nilimkuta amesinzia mezani, kalamu ikiwa bado mkononi na zoezi limeishia swali la pili. Mwaka uliofuata nilimrudisha shule ya karibu, ambako wazazi tunachangia mahindi na maharage na watoto wanakula makande mchana. Dada, kwa mtoto wa kike ningelipima suala hili la safari mara mbili zaidi.

Mjumbe wa bodi ya shule

Nakubaliana na waliotangulia, na ninaongeza kwamba usiamue kabla hujafika shuleni. Omba kuonana na mwalimu wa taaluma, umuulize idadi ya walimu wa sayansi na hisabati, na wangapi kati yao wameajiriwa na wangapi wanajitolea, maana anayejitolea anaweza kuondoka katikati ya muhula. Ingia maabara ufungue bomba. Ulizia chumba cha kujistiri cha wasichana na uone kama kina maji. Halafu omba madaftari mawili matatu ya hisabati ya kidato cha tatu. Katika shule moja niliyoitembelea, wino mwekundu ulifika hadi ukurasa wa mwisho, na penye kosa mwalimu alikuwa ameandika hatua iliyorukwa. Katika nyingine, alama ya vema ya mwisho ilikuwa na umri wa miezi miwili.

Mama wa Kihonda

Nawashukuru sana. Nimekaa na hesabu hizo jana usiku. Shule inayosifika zaidi ndiyo iliyopungukiwa na wanafunzi wengi zaidi kati ya kidato cha pili na cha nne, na nikihesabu madaraja matatu ya juu, haiizidi ya kwetu kwa mengi. Hata hivyo, kwenye fizikia ya kwetu walikaa watahiniwa 9 tu, na binti yangu anapenda sayansi. Barua ya uhamisho nimeiweka kando kwanza. Jumatatu nitakwenda shule ya hapa karibu kumuuliza mwalimu wa taaluma kuhusu hao 9, na kuomba yale madaftari.