Gari la kujiundia lenye injini ya R1: gia nibadilishe kwa mkono, kwa nyaya au kwa umeme?

Spana13
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Coventry, Uingereza, na huu ni mwaka wa pili Jumamosi zangu zote zinaishia gereji. Naunda gari la viti viwili lililo wazi, umbo la Lotus Seven ya 1957. Chasisi nimechomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba, difu (gia za ekseli ya nyuma) imetoka kwenye Ford Sierra, injini ni ya pikipiki: Yamaha R1 ya 1999, cc 998, gia sita.

Injini nimeshaifunga. Kwenye pikipiki imekaa kwa upana. Mimi nimeigeuza robo mzunguko, upande wa kushoto wenye sproketi ukatazama nyuma. Sproketi nimeitoa, mahali pake nimefunga kiungo cha propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Nashukuru propela inazunguka upande uleule ambao difu ya Ford inautaka.

Kichwa kinauma kwenye gia. Shafti ya gia nayo sasa inatazama nyuma, kwa hiyo mkono wake unacheza kushoto na kulia. Nikiweka mkono wa gia wa kuvuta nyuma kupandisha na kusukuma mbele kushusha, itabidi niweke kiwiko cha kugeuza mwendo, na kila jointi ninayoongeza inaleta ulegevu. Njia nyingine ni vibao viwili nyuma ya usukani vya kuvuta nyaya, cha kulia kupandisha, cha kushoto kushusha. Kuna pia solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayosukuma gia ukibonyeza kitufe. Klachi inabaki kwenye pedali kwa vyovyote.

Moyo wangu uko kwenye vibao, lakini vya kuvuta kwa nguvu ya kidole, bila umeme. Nataka nihisi gia inapoingia. Nilijifunzia Land Rover ya baba, na ile gia ilikuwa inakwambia mkononi kama imekubali au imekataa. Nani amewahi kufanya?

Umeme_Leicester
Mkuu, nilifunga solenoidi kwenye gari la mbio lenye injini ya pikipiki ya Suzuki Hayabusa. Inapiga haraka kweli, lakini inanyonya umeme mwingi kwa mpigo mmoja, ikabidi niitoe betri ya pikipiki niweke kubwa. Kilichonichosha zaidi ni nyutro. Ipo kati ya moja na mbili, nusu hatua tu, na solenoidi yangu haikujua nusu. Iliruka mpaka mbili. Ukiwa kwenye foleni unakaa na klachi chini muda wote.

Kwa gari la barabarani nenda na vibao. Ila funga kifaa cha kukata moto wa plagi wakati wa kupandisha. Kinakata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mzigo kwenye meno unapungua, gia inaingia bila klachi na bila kuachia mafuta. Kushusha bado utakanyaga klachi.

FundiBajaji
Kaka Spana, gari la namna hiyo sijawahi kulishika, lakini kila siku nafungua bajaji hapa Mbagala. Ule mshikio wa gia wa kusokota kwa mkono wa kushoto una nyaya mbili. Mmoja unavuta kupandisha, mwingine unavuta kushusha, hakuna unaosukuma. Waya wa kusukuma lazima uwe mnene na mgumu. Wa kuvuta ni mwembamba, unaupitisha unapotaka. Kata bao moja lenye pini katikati, funga waya kila upande, zote mbili zishuke kwenye mkono wa gia, moja kushoto moja kulia.

Tofauti ni hii: bajaji ukisokota inabaki pale ulipoiacha. Mkono wa gia wa pikipiki unarudi katikati kwa springi iliyo ndani ya injini, ndipo udake hatua inayofuata. Ukikaza nyaya mno hautarudi, na gia zitakwama. Acha ulegevu kidogo kila upande. Usipige kona kali, usipite karibu na egzosi.

Na rivasi umeipangia nini? Guta nyingi za mizigo zina rivasi yenye mkono wake peke yake.

Spana13
Fundi, Mungu akuzidishie. Jana usiku nilikata bao la alumini la milimita 5, nikafunga nyaya za breki za baiskeli kwa kujaribia tu. Egzosi ipo kushoto, nyaya nimezipitisha kulia. Mke wangu alikuwa anazungusha propela kwa mkono huku mimi navuta, maana gia za pikipiki haziingii zote vyuma vikiwa vimetulia.

Mara ya kwanza zilifika tatu zikakwama. Waya wa kulia ulikuwa umekaza, kama ulivyosema. Nikalegeza nati nusu mzunguko, zikaenda mpaka sita na kurudi, na nyutro nikaipata kwa kuvuta nusu. Kidole kilikuwa kinauma, kwa hiyo mkono wa gia ulio kwenye injini nimeurefusha kutoka milimita 40 hadi 55. Mwendo umeongezeka kidogo lakini sasa hata mke wangu anapandisha kwa vidole viwili.

Rivasi ni lazima. Sheria ya huku inataka gari linalozidi kilo 410 liweze kurudi nyuma, na langu nalikadiria 450. Nitafunga boksi la rivasi katikati ya propela, na mkono wake mdogo utakaa kati ya viti. Kwenye handaki la propela nina sentimita 14 za upana. Mwenye boksi linaloingia hapo, anipe vipimo vyake.