Ndugu hawataki mama aambiwe ana saratani, naye ananiuliza kila asubuhi. Nifanyeje?

Intani_Kaskazini:
Habari zenu wakuu. Ni daktari intani, hospitali ya mkoa. Nina mama wa miaka sitini na kitu wodini. Alikuja ugali haupiti. Sasa hata uji anaumeza kwa kukunja uso, kikombe kimoja saa nzima. Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yametoka: saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na imeshafika kwenye ini. Upasuaji hauna nafasi tena.

Wanawe wawili wa kiume walinivuta pembeni: "Dokta, mwambie ni vidonda vya tumbo. Akijua, presha itamuua kabla ya ugonjwa." Daktari bingwa wangu akasema hayo ni ya familia, tuwaachie.

Jana kwenye raundi mama akanishika mkono wa koti. "Mwanangu, masika yatanikuta nyumbani? Nataka nijue kama niandae mbegu." Nikamwambia tumuombe Mungu, nikapita kitanda cha pili. Usiku sikulala. Nimesikia pia wanatafuta mteja wa shamba lake ili wampeleke Dar. Shamba ni la mama, na hajui linauzwa kwa ugonjwa gani.

Mzee wa Wodi 4:
Pole dokta. Nimefanya kazi hii miaka mingi na niliwahi kuficha, kwa hiyo sikuhukumu. Wala usidhani ni mila zetu tu. Mwaka 1961 daktari Donald Oken aliwauliza madaktari 219 wa Chicago, karibu asilimia 90 wakasema wasingependa kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Dodoso kama lile liliporudiwa Marekani mwaka 1979, asilimia 97 walisema wangemwambia. Sisi madaktari ndio tuliobadilika. Azimio la Geneva, kiapo chetu cha tangu 1948, nalo liliongezewa mwaka 2017 sharti la kuheshimu uhuru wa mgonjwa kujiamulia.

Ila usiende ukammwagia. Vuta stuli, ukae. Muulize yeye anaonaje ugonjwa wake, kisha muulize: "Majibu yakiwepo, nikueleze wewe au nimweleze mtu unayemtaka?" Akisema mweleze mwanangu, huo ni uamuzi wake na utauheshimu. Kabla ya hapo zungumza na bingwa wako, usimruke.

Mama Tatu:
Mimi napingana nanyi. Baba yangu aliambiwa ukweli na daktari kijana asubuhi, jioni akaacha kula. Hakutamka neno hadi tunamzika. Wale vijana wanamjua mama yao kuliko wewe uliyekutana naye wiki iliyopita. Na wewe ukishasema unarudi nyumbani kwako, wao ndio wanaobaki na kilio.

Mzee wa Wodi 4:
Pole sana dada. Hilo la baba linauma, na huenda aliambiwa wima, mbele ya wodi nzima. Ndiyo maana nasema aulizwe kwanza. Ila huyu mama ameshauliza mwenyewe, tena ameuliza habari za mbegu. Mtu anayeuliza hivyo anapanga mambo yake.

Muuguzi Tiba Shufaa:
Dokta, anza na wale vijana. Usiwaambie "ni haki yake kisheria", watakuona adui. Waulize wanaogopa nini hasa. Mara nyingi wanaogopa mama atadhani wamemtelekeza. Waahidi kwamba hutamwambia uongo, na pia hutamlazimisha kusikia asichouliza. Halafu ulizia mofini ya maji mapema, msingoje maumivu yazidi. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wanaitumia siku nyingi. Uliza pia habari ya mpira wa kutanua umio, walau apitishe uji.

Intani_Kaskazini:
Nashukuru sana. Bingwa alikubali, akasema atakuwepo. Leo saa nane tumekaa na mama, pazia limefungwa. Nikamuuliza anataka kujua kiasi gani. Alinyamaza muda mrefu, akikunjakunja pindo la kitenge. Kisha: "Niambie kama ni vidonda au si vidonda." Nikasema si vidonda, mama. Akaitikia kwa kichwa. "Basi mengine mweleze binti yangu wa Moshi, anakuja Jumamosi. Ila shamba lisiuzwe, nimempa yeye."

Hata sikujua ana binti. Kesho nakutana na wale kaka zake. Muuguzi, nikwambie ukweli, sijui nianzie wapi habari ya shamba. Niwaachie waongee wenyewe na mama, au niwepo?

Muuguzi Tiba Shufaa:
Uwepo, lakini mama ndiye aseme. Kaa upande wa kitanda chake, usikae upande wao.