Hivi Gloucester ni kaskazini ya wapi? Hawa wapanga ligi wa Uingereza wanaonea timu ndogo

Wakuu leo nimechoka acha niseme. Humu kila mtu ana Arsenal yake na Man U yake, mkikosa penati moja mnalia wiki nzima, sasa na sisi wa timu za chini tupeni nafasi tulie kidogo. Mimi naishi Gloucester na timu yangu ni Gloucester City, njano na nyeusi, timu ya kulipana kidogo kidogo, wachezaji wana kazi zao za mchana, jioni ndo mazoezi.

Fungua ramani. Gloucester iko kusini magharibi, pale kwenye mto Severn, Bristol ni pua na mdomo, Bath hata kilometa 80 hazifiki, Chippenham vilevile. Daraja la sita la mpira wa Uingereza limegawanywa mara mbili, National League North na National League South, Bath City na Chippenham Town wamekuwa wakicheza South. Sasa sisi tulipopanda 2009 unadhani tuliwekwa wapi? North! Yaani ni kama timu ya Morogoro uiambie kuanzia leo wewe ni Kanda ya Ziwa, Jumanne usiku nenda kacheze Bukoba, eti kwa sababu kanda ya Pwani imejaa.

Na hiyo ndo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Kila msimu wanahesabu nani kashuka kutoka juu na nani kapanda kutoka chini, kila upande lazima zitimie timu 24, kaskazini zikipungua basi wanasogeza mstari wanamnyakua yeyote aliye jirani na mpaka. Jiografia haina kazi hapo, ni kujaza viti tu. 2017 wakatuhamishia South, tukapumua misimu miwili, tukaanza kuzoea kwenda ugenini na kurudi kabla watoto hawajalala, 2019 wakaturudisha North tena. Sasa klabu inapangaje bajeti kama haijui mwakani basi linaelekea Bath au linaelekea mpaka wa Scotland?

Chukua msimu wa 2023/24 peke yake. Blyth Spartans, South Shields, Spennymoor, Darlington, Scarborough, wote hao wako kaskazini mashariki kule, na wote tulikuwa nao ligi moja. Blyth ni zaidi ya kilometa 400 kwenda tu, bado kurudi. Mechi ikiwekwa katikati ya wiki inaanza saa mbili kasoro robo usiku, ikiisha mnaingia kwenye basi, mnafika Gloucester usiku wa manane umeshapita zamani na fundi bomba wako wa namba sita anatakiwa kazini asubuhi. Mchezaji mzuri mwenye kazi ya maana na familia anakuangalia anakwambia kocha nakuheshimu lakini hapana, anaenda kusaini timu ya daraja la chini iliyo karibu na kwake, halafu watu wanashangaa mbona usajili wetu mbovu. Mashabiki nao ndo hivyo, basi linaanza limejaa Agosti, ikifika Januari mnahesabiana kwa majina. Hereford tu ndo ilikuwa ya jirani kidogo, siku hiyo ilikuwa sikukuu.

Na kumbuka hii ni timu ambayo hata nyumbani kwake haikuwa nyumbani. Mafuriko ya Julai 2007 yaliuzamisha uwanja wa Meadow Park, tukawa wapangaji kwa watu, Forest Green, Cirencester, Cheltenham, mwisho Evesham, miaka 13 jamani. Kwa hiyo Jumamosi hii unasafiri kwenda "nyumbani", ijayo unasafiri kwenda Northumberland, kwa kina Blyth. Tumekuja kurudi kwetu 2020, korona hiyo, mashabiki hawaruhusiwi kuingia. Na msimu huohuo tulikuwa tunaongoza North! Tunaongoza! Februari 2021 klabu zikapiga kura, msimu ukafutwa, pointi zote kapuni. Hii mpaka leo nikiiandika mkono unatetemeka.

Msije mkasema ni kilio cha Gloucester peke yake. Bishop's Stortford, pale Hertfordshire karibu na uwanja wa ndege wa Stansted, London ni kama kilometa 50 hivi, wamechukua ubingwa wa Isthmian, ligi ya daraja la saba, 2023, zawadi yao ikawa kupelekwa North. Wakamaliza mkiani. 2024 Needham Market wa Suffolk, mashariki kule, nao wakabebwa hukohuko, msimu mmoja tu chini. Sisemi umbali peke yake ndo unashusha timu, sisi wenyewe ule msimu wa mwisho tulikuwa wabovu na mabeki wetu wanajua walichokifanya, lakini mbona kila anayevushwa mpaka anarudi amechoka?

Najua atatokea mjuaji wa kusema "lazima mtu avuke mstari, hesabu ndo zinavyokuja". Sawa, basi anayevushwa apewe fungu la nauli la maana, na safari zote ndefu ziwe Jumamosi, Jumanne acheze na walio karibu. Hilo nalo linahitaji kikao cha miaka mingapi? Au ndo kwa sababu kwenye kamati hakuna anayepanda lile basi?

Mwisho wa yote tukashuka daraja 2024, tukapangwa Southern League Premier South, daraja la saba. South! Yaani kumbe njia ya kuthibitisha tuko kusini ilikuwa kufungwa mpaka tushuke. Na watu wakafurahi, nawaambia ukweli, kuna wazee pale uwanjani walikuwa wanapeana mikono tumeshuka, wanahesabu nauli watakayookoa. Sasa mnaotetea upangaji huu njooni, nipo hapa, ila mje na ramani.