Mazingira ya majaribio yanayorejesheka: VirtualBox, Docker au Proxmox VE?

MpimajiNjiro (Arusha)

Habari za jioni wanajukwaa. Kikundi chetu hapa Njiro kinajaribu mfumo wa kampuni za utalii wa kupokea na kupanga safari za wageni. Mfumo una hifadhidata ya PostgreSQL, sehemu inayopokea malipo ya simu, na programu ya wahasibu inayofanya kazi kwenye Windows. Kila tunapojaribu kuhamisha data kutoka toleo la zamani kwenda jipya, hifadhidata huvurugika, na kusakinisha kila kitu upya kunakula nusu ya siku ya kazi. Tunachohitaji ni mazingira yaliyotengwa ambayo tunaweza kuyarudisha katika hali yaliyokuwa nayo kabla ya jaribio. Tuna laptopu zenye RAM ya GB 16 na seva moja ambayo si mpya. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozitumia njia hizi, kwa sababu makala nyingi nilizosoma zinasifu moja na kuzisahau nyingine.

FundiRau (Moshi)

Ndugu, kabla ya kuchagua programu, amueni mnataka kirudi nini: diski peke yake, au diski pamoja na kilichokuwa kikiendelea kwenye RAM. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), inaweza kurudisha vyote viwili. Ukichukua snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali ya mashine kwa wakati huo, diski iliyopo haiguswi tena, na kila kinachoandikwa baada ya hapo huingia kwenye faili jipya la tofauti. Kama mashine pepe ilikuwa imewashwa, yaliyomo kwenye RAM nayo huhifadhiwa, kwa hiyo mashine uliyoipa GB 8 inaweza kuongeza faili la gigabaiti kadhaa kwa kila snapshoti. Hasara hiyo ya nafasi ina malipo yake: mnaweza kuugandisha mfumo muda mfupi kabla ya hitilafu, dirisha la mhasibu likiwa wazi, na kila msanidi programu akarudi palepale kuitazama.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ufutaji. Kufuta snapshoti si kutupa faili, bali ni kuunganisha tofauti zake na diski inayohusika, kazi inayohitaji muda na nafasi ya kutosha. Msiianze wakati umeme unakatika-katika na betri ya laptopu imechoka.

KontenaKijenge (Arusha)

Kwa upande wa seva ningependekeza Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena (mazingira madogo yaliyotengwa), kwa sababu kontena hutumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya kompyuta mwenyeji na huwaka kwa sekunde chache, ambapo mashine pepe kamili hulazimika kuwasha mfumo endeshi mzima. Hata hivyo, nieleze mtego mmoja. Amri ya `docker commit`, inayohifadhi kontena kama imeji (kifurushi cha kuanzishia kontena), haihifadhi data iliyo kwenye voliyumu (hifadhi iliyo nje ya kontena), na imeji rasmi ya PostgreSQL huweka data yake kwenye voliyumu. Mtu anaweza kudhani amehifadhi hali ya hifadhidata, kumbe amehifadhi programu tupu.

Kwa kazi yenu, wala hamhitaji kuirudisha mashine nzima. Andaeni hifadhidata moja safi iwe kiolezo, kisha kabla ya kila jaribio mtengeneze nakala kwa `CREATE DATABASE jaribio TEMPLATE safi;`. Sharti ni kwamba wakati wa kunakili pasiwepo muunganisho mwingine wowote kwenye kiolezo hicho, la sivyo PostgreSQL itakataa. Jaribio likiharibika, mnaifuta nakala na kutengeneza nyingine.

MgeniUsaRiver

Na Windows Sandbox, ile Windows ya muda ya kujaribia programu, je? Ipo tayari ndani ya Windows.

FundiRau (Moshi)

Haipo kwenye toleo la Home, na ukiifunga hufuta kila kitu. Inafaa kwa kujaribu kisakinishi mara moja. Kwa hali inayohifadhiwa na kurejeshwa, haifai.

SevaSakina (Arusha)

Hiyo seva yenu isiyo mpya ndiyo mahali pa Proxmox VE, ambayo husimamia mashine pepe za KVM na kontena za LXC (teknolojia za Linux) kwa pamoja kupitia kivinjari, ili wapimaji wote watumie mazingira yaleyale badala ya kila mmoja kuwa na yake kwenye laptopu. Mkitumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski, snapshoti huchukuliwa karibu papo hapo, lakini kuna ukomo ambao VirtualBox haina: huwezi kurudi kwenye snapshoti ya zamani bila kwanza kufuta zilizochukuliwa baada yake. Anayetaka matawi, yaani hali moja ya msingi na majaribio kadhaa yanayoachana kutoka hapo, atumie diski za qcow2 au LVM-thin (aina nyingine za uhifadhi), au atengeneze nakala zinazojitegemea. Kumbukeni pia kwamba snapshoti ya kontena ya LXC haibebi RAM.

Na tafadhali, snapshoti isiitwe nakala rudufu. Inakaa kwenye diski ileile, na diski ikifa, vyote vimekwenda.

MpimajiNjiro (Arusha)

Nashukuru sana. Nimeona kwamba kiolezo cha PostgreSQL kinatatua sehemu kubwa ya tatizo. Bado nina wasiwasi na malipo: tukirudisha hali ya jana, mfumo unasahau muamala ambao upande wa pili unaukumbuka.

KontenaKijenge (Arusha)

Wasiwasi wako ni wa haki, na hakuna hata moja kati ya programu hizi itakayokusaidia hapo. Mfumo ukirudishwa nyuma unaweza kutoa tena namba ya muamala iliyokwisha kutumika. Tengenezeni huduma ya malipo ya kuigiza, iwekeni ndani ya mtandao uleule uliotengwa, na irudishwe pamoja na hifadhidata. Mlango wa kwenda nje ufungwe kabisa, ili jaribio lisije likamtumia mteja wa kweli ujumbe.

SevaSakina (Arusha)

Kwa ile Windows ya wahasibu, kama imeunganishwa na domeni (mfumo wa ofisi wa kusimamia kompyuta na watumiaji kutoka mahali pamoja), msiiwekee tumaini snapshoti ya miezi mingi. Kwa kawaida kompyuta hubadilisha nywila yake ya domeni kila baada ya siku 30, kwa hiyo ukirudisha hali ya zamani, domeni inaweza kuikataa. Chukueni snapshoti ya msingi kabla ya kuiunganisha na domeni, na kazi ya kuiunganisha iandikwe kwenye skripti inayoendeshwa baada ya kila urejeshaji.