Je, mapenzi ya maigizo yamenizoesha kutazama tu shida za watu?

Mtazamaji wa Tegeta

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo linalonisumbua tangu wiki iliyopita. Nimependa tamthilia tangu nikiwa kidato cha pili, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, nimeisoma mara nyingi hata jalada limeachana na kurasa. Kinachonivutia ni kwamba tamthilia hiyo inahusu Vita vya Maji Maji, lakini haianzi na vita. Inaanza na mke wa Kinjeketile akizungumza na mwanamke mwenzake juu ya uhaba wa chakula, huku mumewe akiwa amejifungia ndani. Kutokana nayo nilijenga mazoea ya kutazama mambo madogo ya watu, mikono yao na namna wanavyokaa, nikiamini kwamba huko ndiko tamthilia inakoanzia.

Sasa, wiki iliyopita nilipanda daladala pale Mwenge kurudi nyumbani. Mbele yangu aliketi mama mmoja wa makamo ambaye, konda alipomdai nauli, alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akahesabu sarafu, akakuta amepungukiwa shilingi mia mbili. Akalifunga fundo lile, kisha akalifungua tena, ingawa alijua fika kwamba hamna kitu kingine ndani. Mimi nikawaza kwamba mwigizaji hodari angefanya vivyo hivyo, na kwamba kule kulifungua mara ya pili kumebeba uzito ambao mwandishi angeweza kuutafuta kurasa nzima asiupate. Nilikuwa bado ninawaza hayo konda alipogonga bodi na mama yule akateremshwa Lugalo, ilhali mfukoni mwangu mlikuwa na noti ya shilingi elfu mbili. Gari zima lilikuwa kimya kama ukumbi. Tangu siku hiyo ninajiuliza kama maigizo yamenifundisha kuwaona watu, au yamenizoesha kukaa kitini.

Binti Kariakoo

Pole, kaka yangu. Mimi sidhani kwamba kosa ni la maigizo. Nadhani ni la namna tulivyofundishwa kuyatazama. Bibi alipotutolea ngano, akisema "paukwa" tulipaswa kuitikia "pakawa", na tukinyamaza hakuendelea. Nikiwa mdogo, mama alikuwa akinichukua kwenye kumbi walikotumbuiza vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), ambako katika usiku mmoja uliweza kuona ngoma, sarakasi, taarabu na maigizo, na hakuna aliyekaa kimya. Nakumbuka igizo moja la mke aliyefukuzwa na mumewe akiwa na kifurushi mkononi. Mama mmoja wa safu ya nyuma aliinuka, akapita katikati ya viti hadi jukwaani, akamtunza mwigizaji yule noti huku akimwambia arudi kwao salama. Alijua vizuri kwamba ni igizo, na bado alimpa nauli. Ukimya unaousema wewe haukutoka kwa wazee wetu.

Mwalimu wa Temeke

Ndugu Mtazamaji, ninafundisha Kiswahili sekondari, na lawama nyingine ni yetu walimu. Wanafunzi wanasoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, tamthilia ya karani wa sensa aliyetumwa kijijini, ili waorodheshe dhamira na kujibu mtihani, na wengi wao hawajawahi kuona mtu akiigiza hata ukurasa mmoja. Mwaka 2022, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa sensa, niliamua kusukuma madawati pembeni na kuwapa nafasi za wahusika. Kijana mmoja aliyecheza mwanakijiji anayehesabiwa alifanya jambo ambalo sikumwelekeza: kila alipoulizwa swali alitazama kwanza ukuta wa darasa, kisha akajibu kwa neno moja. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba hivyo ndivyo baba yake anavyowajibu watu wenye karatasi, kwa kuwa waliwahi kuja watu kuhesabu nyumba za mtaa wao wa zamani, na waliporudi walikuja kuzibomoa. Alisema kuwa miaka yote alimwona baba yake kama mtu mkaidi, na ni pale alipojaribu kusimama kama yeye ndipo alipohisi kwamba mzee anaulinda ule ukuta. Kwa hiyo mimi nakushauri usiache kutazama. Ila tafuta mahali pa kuigiza pia, hata kama ni sebuleni kwako.

Mzee wa Ilala

Mwanangu, mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakuwapelekea igizo lililokamilika. Walikaa nao, wakachambua matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana, kisha wenyeji wakayatia katika ngoma na maigizo na kuyajadili hadharani. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 katika shule za sekondari, uliendeleza njia hiyohiyo kwa wasichana. Katika kazi ya namna hiyo, mtu anayeketi na kutazama tu hana nafasi.

Lakini kisa chako kina pengo. Unasema gari zima lilikuwa kimya. Nimepanda daladala za Mwenge miaka mingi, na jioni, watu wanaporudi kutoka makazini, sijakutana na kimya hicho. Tueleze abiria wengine walisema nini.

Mtazamaji wa Tegeta

Shikamoo mzee. Swali lako limenikosesha usingizi. Hapakuwa na kimya. Alikuwapo kijana mwenye sare ya shule, amesimama karibu na mlango, aliyemwambia konda, "Mwache mama, tunamchangia," akaanza kupita kwa abiria akiwa amekunjua kiganja. Konda alimfokea, gari likasimama, na mama akateremka kabla mchango haujatimia. Nilimwona na kumsikia, lakini nilipokuja kusimulia hapa nilimwondoa bila hata kujitambua, nadhani kwa sababu kisa kilinoga zaidi kikiwa na mama peke yake na fundo lake la khanga. Kiganja cha kijana yule kilikuwa kimeshafika kwenye kiti changu.