Nataka wikendi moja bila taarifa ya habari. Niko Nakuru, nielekee wapi?

SpeaZaNakuru:
Hamjambo wadau. Naomba ushauri, na anayetaka kucheka acheke akishamaliza kunishauri.

Nina duka la spea za pikipiki hapa Nakuru mjini, mke, na watoto wawili: msichana wa miaka tisa na mvulana wa mitano. Shida yangu ni habari. Si umbea wa mtaa, habari za nchi. Ugonjwa ulinishika Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha. Tarehe 25 vijana walipoingia Bunge nilikuwa nimevuta mlango wa duka nusu, nimekaa ndani na simu, chaji asilimia nne. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nikasema basi, sasa nitapumzika. Wapi! Oktoba 15, 2025 Baba, yaani Raila Odinga, akafariki kule India, nikaufuata mwili wake kwa simu kutoka uwanja wa ndege mpaka Kasarani, Nyayo, Mamboleo, hadi akazikwa Bondo tarehe 19. Siku hizo sikumbuki nilikula nini. Na sasa hesabu za uchaguzi wa 2027 zimeanza, kila jioni kuna mtu amehama chama.

Desemba tulienda Baringo. Mama watoto ndiye aliyeweka pesa, kidogo kidogo kutoka kwenye chama chao cha akina mama. Pale Kampi ya Samaki tukapanda boti. Mwenye boti ana ujanja wake: anachukua samaki mdogo, anamchoma kwenye kijiti chepesi ili asizame, anapiga mluzi, anamrusha majini. Tai anashuka kutoka mtini, miguu mbele, anamnyakua bila kulowesha hata kifua. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinama kwenye simu nikijibizana na mtu nisiyemjua kuhusu ada ya barabara mpya ya Rironi hadi Mau Summit, na sisi hata gari hatuna. Binti yangu akanivuta shati. "Baba, umeona?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Alimshika na mguu gani?"

Tulirudi Nakuru sijamjibu.

Sasa mama watoto amesema hatagharamia tena safari ya mtu anayetembea na Bunge mfukoni. Aprili shule zinafungwa. Safari hii nimeweka mimi, shilingi 18,000, ya siku mbili tukisafiri kwa matatu. Niwapeleke wapi? Kuna mahali ambapo mtandao haushiki kabisa? Na lingine: kwa jinsi mambo yalivyo magumu, si watu wataniona mjinga nikitumia hela kwa matembezi?

Mzee_wa_Shabab:
Pasipo mtandao ni kwa mama yako gishagi. Mpelekee sukari na mafuta ya kupikia, walale huko bure, watoto wachunge mbuzi. 18,000 weka, karo ya muhula wa pili haitangoji.

Kabambe254:
Mpe binti simu, na neno la siri alibadilishe yeye. Kesi imeisha.

DerevaWaWageni:
Ndugu, nimebeba wageni miaka mingi na nimeona wanaume wengi kama wewe. Anakuja mpaka Bogoria, maji yanaruka kutoka ardhini yakitokota, watoto wanachemshia mayai kwenye chemchemi, yeye yuko kwenye gari anatafuta mtandao. Usijione uko peke yako.

Kwanza, usielekee Naivasha. Tangu ujenzi wa ile barabara uzinduliwe Novemba 2025, saa za safari hazitabiriki, na ikifika sikukuu pale Gilgil unaweza kukaa mpaka mtoto amalize biskuti zote ulizonunua za njiani. Hata upande wa magharibi bado uko ndani ya mradi huohuo: Salgaa, Sachangwan, mpaka Mau Summit ambapo njia zinaachana, moja ya Eldoret, nyingine ya Kericho na Kisumu. Kwa hiyo toka saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne baada ya chai. Na usipande matatu ya usiku ukiwa na watoto. Sisi tunaopita Sachangwan tangu kabla ya ule moto wa lori la mafuta wa 2009 hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

Ukishavuka Mau Summit ukaingia mashamba ya chai ya Kericho, hapo ndipo mtu huanza kupumua. Mvua ya Aprili huku mara nyingi hupiga mchana kuelekea jioni, kwa hiyo mambo ya nje yafanye asubuhi.

Jambo la mwisho. Ukitaka kuingia mbuga yoyote ya KWS, shirika la wanyamapori, langoni hawapokei pesa mkononi, unalipa kwa eCitizen. Maliza kulipa ukiwa nyumbani. Wengi hutoa simu eti "nalipia tu lango", jioni inawakuta bado wanalipia.

NyarNam:
Umesema hutaki siasa, halafu watu wanakuelekeza njia ya Kisumu? Hapa hata omena ana maoni!

Lakini karibu. Usikae mjini kati, nenda Dunga. Pale ufuoni utawakuta kina mama na samaki wao kwenye beseni. Chagua samaki akiwa mbichi, muinue uone macho na mashavu, patana bei, ndipo aingie kwenye mafuta. Ukiagiza kwanza ukauliza bei baadaye, hilo ni lako. Mwambie unataka ngege, mbuta mwachie mtu wa minofu. Na mtoto wa miaka mitano mtolee miba wewe mwenyewe kwa vidole, usimkabidhi uma.

Boti patana kabla ya kupanda, na hakikisha kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea, watoto kwanza. Kama gugu maji limefunga ufuo siku hiyo usilazimishe. Upepo huligeuza, asubuhi unaona maji, mchana unaona shamba.

Siku ya pili panda matatu za kwenda Bondo mshuke Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa huko Seme. Jina maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Kisa chake msubirini mzee wa pale awasimulie, sitawaharibia. Utakuta watu wanasali mapangoni, pita polepole.

Na ukitaka kweli kumalizana na ile Oktoba yako, endelea hadi Bondo, Kang'o ka Jaramogi. Watu bado wanakuja. Mimi nilienda Januari na mama yangu. Alisimama kaburini akaongea na Baba kama anamkemea, kisha akaniambia twende tukanywe chai. Tangu siku hiyo hajafungua video hata moja ya mazishi. Sijui ilifanyaje kazi, nakwambia nilichoona.

Spea_Fan_Eldy:
Kisumu kuna ile treni iliyorudi Desemba 2021. Watoto watafurahi kuliko matatu.

DerevaWaWageni:
@Spea_Fan_Eldy Ile ni ya kutoka Nairobi usiku, Nakuru inapita watu wamelala. Na si kila siku. Aulize stesheni kwanza kabla hajawaahidi watoto.

Mwananchi_Kaloleni:
Naomba nitofautiane na wengi hapa. Mnamcheka huyu bwana kana kwamba kufuata habari ni ulevi. Kuna sisi ambao habari ilituingilia mlangoni. Mdogo wangu alitoka Juni ile ya 2024 akiwa mzima, akarudi akichechemea, mpaka leo ngazi anapanda kwa mguu mmoja. Mkiniambia nisisome, nani atasoma?

Lakini ndugu Spea, nikuambie kama kaka. Kule Baringo hukuwa unasoma habari. Ulikuwa unagombana. Habari ya ile ada unaisoma dakika tano: nani anajenga, nani atalipa. Hayo mengine ya saa nzima ni watu wawili wasiojuana wanatukanana, na tai anakula samaki wake.

Kuhusu kuonekana mjinga, mama anayekaanga samaki Dunga anangoja nani? Boda? Mwenye boti? Hela yako haiendi baharini. Nenda.

Mzee_wa_Shabab:
@Mwananchi_Kaloleni Pole kwa mdogo wako. Hilo la hela nimekubali nusu.

Mshinyalu:
Nyote mmesahau msitu. Kakamega ndio kipande cha msitu wa mvua kilichobakia Kenya cha aina ile ya Kongo, na ukitaka mahali mtandao unakata wenyewe, ingia Isecheno utembee dakika ishirini. Hakuna haja ya nidhamu, simu yenyewe inakata tamaa.

Njia: matatu mpaka Kisumu, halafu ya Kakamega, mshuke Khayega, boda mpaka Isecheno kupitia Shinyalu. Mchukue mtu wa kuwaongoza pale ofisini, msiingie wenyewe, njia zinafanana. Atawaonyesha mbega weupe kwa weusi juu kabisa, na vipepeo wa kumaliza siku. Amkeni saa kumi na moja alfajiri mpande kilima cha Lirhanda. Ukungu umelala juu ya miti, jua linatoka upande wa Nandi, na hakuna anayezungumza, hata wale waliokuja wakipiga kelele. Viatu viwe vya tope. Sandali za mama watoto aziache Nakuru.

Mkibahatika Jumamosi mkasikia ngoma za isukuti asubuhi na umati unakimbia, huo ni mchezo wa fahali. Simameni mbali na watoto. Fahali akishindwa hukimbia popote, na hachagui mgeni.

MamaKiamunyi:
Jamani, kwani lazima alale nje? Watu wa Nakuru tunaishi kwenye mdomo wa kreta ya Menengai, na wengine wetu mara ya mwisho kupanda ilikuwa ziara ya shule. Chai kwenye thamosi, mandazi, kofia kwa sababu ya jua na sweta kwa sababu ya upepo. Pale juu hakuna ukuta, mshike wa miaka mitano mkono wakati wote. Kesho yake Hyrax Hill, iko hapo tu njia ya Nairobi. Watoto wanaona kwamba watu waliishi hapa maelfu ya miaka kabla ya sisi kuitwa jiji. Hela itabaki nusu. Ziwa lenyewe bila gari ni taabu, na flamingo si wale wa picha za zamani tangu maji yapande.

SpeaZaNakuru:
Asanteni sana wote. @Mwananchi_Kaloleni umenipiga pahali pazuri. Pole sana kwa mdogo wako.

Nimeamua Kisumu usiku mmoja, msitu tutaufanyia Agosti nikiwa na viatu. Simu kubwa inabaki dukani kwenye droo. Laini naiweka kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, M-Pesa inafanya, mtandao haifanyi. Mama watoto amesema ataamini akiona.

SpeaZaNakuru:
Tumerudi jana. Ripoti.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Kabla hata ya Salgaa dereva akafungua redio, kipindi cha siasa, watu wawili wanarushiana maneno. Nilikaza macho dirishani kama mtu aliyeacha sigara. Abiria wa kiti cha nyuma akanigusa bega: "Wewe unaonaje hili jambo?" Nikamwambia mimi ni bubu. Matatu nzima ikacheka, redio ikawekwa gospeli.

Dunga tulipata ngege wawili, tukapatana kabla kama tulivyoagizwa. Kisha boti. Nikajipanga nikasema leo nitatazama kila kitu. Mwenye boti akazima injini, akaanza: bei ya petroli, gugu maji, vizimba vya samaki vya matajiri, samaki wa kutoka China wanaouzwa sokoni, wavuvi wa Migingo na askari wa Uganda. Dakika arobaini. Mke wangu alicheka mpaka akashika kingo za boti. Lakini ilikuwa tofauti, siwezi kueleza vizuri. Alikuwa akisema gugu maji, anainama analing'oa, mizizi inaning'inia kama ndevu, anamkabidhi binti yangu alishike. Viboko watatu tulioahidiwa, mmoja alikuwa gogo.

Bondo hatukwenda. Tulifika mpaka stegi Jumapili, mvulana akaanza kulia anataka kulala, tukageuza. Tumetumia 16,400 na soda.

MkeWaSpea:
Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi tu. Yote aliyosema ni kweli, shukrani kwa mlioshauri, hasa dada wa samaki.

Ila kuna kitu amewaficha. Jumapili saa kumi na moja na nusu asubuhi niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umepoa. Nikatoka na leso. Alikuwa langoni mwa gesti, amekaa juu ya kreti ya soda karibu na mlinzi, kijiredio kidogo kimewekwa katikati yao juu ya tofali, wanasikiliza vichwa vya habari, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mlinzi ameshampa nusu ya mkate.

Nilirudi ndani nikalala.