Wanunuzi wamejitoa beta (toleo la majaribio) lakini toleo kwenye simu zao ni lile lile. Nawarudishaje?

Alizeti_Dom: Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma mjini, natengeneza programu ya simu ya wanunuzi wa nafaka: magunia yaliyoingia, kilo, nani kalipwa, nani anadai. Play Store nina toleo thabiti, la watu wote, na beta ya wazi, anayetaka anajiunga. Toleo la maendeleo, la kujengea vitu vipya, tunalo mimi na mwenzangu tu. Wanunuzi kadhaa wa soko la Kibaigwa waliingia beta kwa kuitamani ripoti mpya ya madeni, na sasa ndiyo wanafanyia kazi. Msimu wa mahindi huu! Nimewaambia wajitoe, wamejitoa, hakuna kilichobadilika.

FundiSeva: Kujitoa kunazuia beta zijazo tu. Android haikubali toleo la namba ndogo likae juu ya la namba kubwa. Akifuta programu na kuiweka upya atapata thabiti, ila kilichokuwa kwenye simu tu kinapotea. Data zako ziko wapi?

Alizeti_Dom: Kwenye simu kwanza, seva baadaye mtandao ukipatikana.

FundiSeva: Basi asifute mtu! Usiwarudishe nyuma, lisogeze thabiti liwafuate. Chukua beta waliyonayo, rekebisha kasoro, mabadiliko makubwa mapya yaache nje, lipe namba ya juu zaidi, litoe kama thabiti. Anza na asilimia 5 ya watumiaji. Likiharibu, unasimamisha, waliokwisha kulipata hawarudi nyuma, unawatumia marekebisho yenye namba ya juu tena.

Mgogo_wa_Kodi: Na hiyo beta ya wazi funga, mkuu. Inaokota kila mpita njia. Weka ya kualikwa kwa barua pepe, watu unaoweza kuwapigia simu. La maendeleo lipe jina la kifurushi (jina ambalo Android inaitambulia programu) tofauti na ikoni ya rangi nyingine, likae pembeni ya thabiti kwenye simu moja. Kivinjari cha Chrome wanafanya hivyo: matoleo yao ya majaribio, Beta, Dev na Canary, kila moja linajitegemea.

Alizeti_Dom: Shukrani wakuu. Ila beta imeongeza safu mbili za taarifa kwenye hifadhidata.

FundiSeva: Kuongeza si tatizo, usifute safu za zamani kwanza. Kabla ya kutoa, tafuta simu yenye beta yao na madeni ya kweli ndani, weka toleo jipya juu yake, uone kama yote yanafunguka. Simu tupu haitakuonyesha kitu.